Picha ya Mbali, Jina la Haraka

Mtu asimamaye juu ya jabali la Irente, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto, huiona nyika ya Mazinde na Mombo ikiwa imelala karibu mita elfu moja chini ya miguu yake. Mahali hapo pana jambo lisilopatikana kwingi. Ndege wakubwa wawindao, ambao kwa desturi huonwa kwa kuinua shingo, pale mara nyingi hupita chini ya mtazamaji, naye huwaona migongo badala ya matumbo. Wanafunzi wafikapo Irente katika ziara za masomo hutoa simu na kamera, hupiga picha, kisha humgeukia mwalimu wao na kumwuliza: "Mwalimu, huyu ni ndege gani?" Mwalimu hukitazama kidoa kile kwenye kioo cha simu, akajibu kwa neno moja: "Tai." Swali huishia hapo, na safari huendelea.

Katika makala haya nataka kutoa hoja kwamba jibu hilo la neno moja, hata likiwa sahihi kwa bahati, si jibu la sayansi. Na kwamba picha moja hafifu ya ndege wa mbali yaweza kuwa somo bora kuliko sura nzima ya kitabu, iwapo mwalimu atakubali kulichelewesha jina. Sisemi hivi kwa kupenda mabishano ya majina. Nasema kwa sababu jina la haraka lina gharama yake, na mimi niliwahi kuwalipisha wengine gharama hiyo.

Kosa la mwalimu mmoja

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha biolojia katika shule moja ya Usambara Magharibi. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea picha aliyoipiga nyumbani kwao, upande wa msitu wa Magamba, ya ndege aliyekuwa akielea juu ya mashamba ya kabichi na maharage. Ndege mwenyewe alikuwa doa jeusi lenye mabawa. Mwanafunzi akaeleza kwamba vifaranga vya mama yake vilikuwa vikipotea kimoja baada ya kingine. Niliitazama picha kwa muda usiozidi dakika moja, nikasema: "Huyu ni kozi, mla kuku."

Neno la mwalimu halibaki darasani. Lilipanda kilima pamoja na mwanafunzi yule, likafika kwa wazazi na majirani, na Jumapili iliyofuata mti mrefu uliokuwa na kiota ukaangushwa. Kinda lililokuwamo lilikufa. Jumatatu asubuhi mwanafunzi alinijia akiwa na furaha ya mtu aliyelitekeleza somo, akanikabidhi vitu alivyookota chini ya mti: madonge ya manyoya yaliyotapikwa na ndege, yenye meno ya panya ndani yake, na unyoya mmoja wa mkia wenye wekundu wa bati lililoshika kutu.

Kozi hana mkia mwekundu. Mwenye mkia wa namna hiyo katika milima yetu ni ndege ambaye wataalamu humwita Buteo augur, na ambaye Kiswahili hakijampa jina moja lililokubaliwa na wote; hapa nitamwita mwewe mkia-mwekundu. Chakula chake kikubwa ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Kifaranga aliyepotea njia humnyakua mara moja moja, lakini yeye si mwizi wa mabanda. Vifaranga vya mama yule viliendelea kupotea hata baada ya mti kukatwa. Mwizi halisi, awe nguchiro au kozi wa kweli, hakuguswa.

Jioni ile niliirudia picha. Rangi haikuonekana hata kidogo, lakini umbo lilionekana: mkia ulikuwa mfupi kuliko upana wa bawa. Kozi ana mkia mrefu. Picha ilikuwa imekwisha kunijibu. Mimi ndiye sikuuliza.

Wakazi wa Lushoto wana sababu ya kuwafikiria panya zaidi ya hasara ya ghalani. Ugonjwa wa tauni ulizuka katika wilaya hiyo mwaka 1980, ukarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini, ukawapata maelfu ya watu na kuwaua mamia. Wataalamu, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza kwa miaka mingi panya wa vijiji hivyo pamoja na viroboto wao. Sidai kwamba mwewe ni dawa ya tauni. Tauni huenezwa na viroboto, huzuiwa kwa usafi na kwa kudhibiti viroboto na panya, na hutibiwa hospitalini kwa dawa za kuua bakteria. Nasema tu kwamba katika wilaya yenye historia hiyo, kumwua mla panya kwa kosa la jina si jambo dogo.

Nuru hudanganya

Tujiulize basi picha ya mbali inaweza kutuambia nini, na nini haiwezi. Tuanze na nuru, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi.

Kamera haina akili ya kujua kwamba sisi tunamtaka ndege na si mbingu. Hupima mwanga wa eneo zima, na kwa kuwa anga ni jeupe na limejaza karibu picha yote, hupunguza mwanga hadi anga lionekane vizuri. Ndege, ambaye upande wake wa chini uko kivulini, hubaki mweusi. Kwa hiyo weusi wa ndege aliyepigwa picha dhidi ya anga ni habari ya mwanga, wala si habari ya manyoya. Mtihani huwa mgumu zaidi kwa mwewe mkia-mwekundu, kwa sababu wako wa namna mbili: wengine wana tumbo jeupe, na wengine ni weusi kwelikweli tumboni. Picha nyeusi haiwezi kutuambia tunamwona yupi.

Nuru huweza pia kuongeza rangi isiyokuwapo. Ndege arukaye chini juu ya udongo mwekundu uliolimwa hupata wekundu kifuani kutokana na mwanga uliorudishwa na ardhi. Na jua la machweo humpaka kila ndege dhahabu.

Wapo wadhanio kwamba tatizo hili huondoka kwa kuikuza picha. Kukuza picha si kuongeza habari. Nukta zilizomo ni zile zile. Zimefanywa kubwa tu. Tena simu nyingi za siku hizi hulainisha picha na kunoa kingo zake zenyewe, hata mstari uonekanao kwenye mkia huenda ukawa kazi ya simu na si kazi ya maumbile.

Hesabu ya umbali

Jambo la pili ni ukubwa. Mara nyingi mwanafunzi husema: "Alikuwa mkubwa sana." Lakini ndege aliye angani peke yake hana kitu cha kulinganishwa naye, na jicho hukisia umbali wake kwa kubahatisha. Hapa mwalimu wa hisabati na mwalimu wa biolojia waweza kufundisha kipindi kimoja kwa pamoja.

Chukua ndege wawili. Wa kwanza ni kozi wa msituni, ambaye mabawa yake yaliyokunjuliwa tuseme yana sentimita 70 kutoka ncha hata ncha, naye yuko umbali wa mita 100. Gawanya 0.7 kwa 100, utapata 0.007, hiyo ni pembe kwa kipimo cha rediani, sawa na nyuzi 0.4 hivi. Wa pili ni tai wa msituni mwenye kishungi, Stephanoaetus coronatus, ambaye mabawa yake tuseme yana sentimita 160. Akiwa mita 229 kutoka kwako, pembe yake ni ile ile ya 0.007. Katika picha, ndege mdogo alaye njiwa na tai awezaye kumwua mbega watakuwa na upana ule ule kabisa.

Endelea na hesabu. Tuseme simu ya kawaida huona eneo la nyuzi 66 kwa upana, na picha yake ina nukta 4,000 kwa upana huo. Kila digrii moja hupata nukta 60 hivi. Nyuzi 0.4 hupata nukta 24. Hiyo ndiyo hazina yote tuliyo nayo: nukta 24 kwa mabawa mawili, na labda nukta tano au sita kwa mkia. Mwezi mpevu, ambao ni nyuzi nusu hivi, ungepata nukta 30. Mwanafunzi akitaka kuhakikisha, na aupige picha mwezi usiku kwa simu ile ile, kisha aone jinsi ulivyo mdogo.

Hesabu hii ina faida nyingine. Ikiwa umbali unajulikana, ukubwa waweza kupatikana kwa kuigeuza. Ndege akitua juu ya mvule au nguzo ya simu ambayo tunaweza kwenda kuipima kwa hatua, kidoa kile kisichokuwa na kipimo hugeuka kuwa ndege mwenye sentimita.

Umbo kwanza, rangi baadaye

Kinachobaki katika nukta 24 ni umbo. Na umbo ni ushahidi wenye nguvu, mradi tujue la kutazama. Mimi huwaambia wanafunzi watazame mambo matatu kwa mpango: ncha za mabawa, upana wa mabawa, na urefu wa mkia ukilinganishwa na upana huo.

Mwewe wa kawaida, yule aokotaye mabaki sokoni, ana mabawa marefu yenye kujikunja kwenye kifundo, na mkia wenye panda. Lakini auchanuapo mkia wake, panda hupotea. Kipanga ana mabawa yenye ncha kali mfano wa mundu. Pungu, ambaye huonwa zaidi kwenye nyika kavu za kuelekea Mkomazi, ana mkia mfupi mno hata angani huonekana kama hana, naye huyumba kushoto na kulia kama mtu atembeaye juu ya kamba. Mwewe mkia-mwekundu ana mabawa mapana na mkia mfupi, na hupenda kuukabili upepo wa mteremkoni akiwa ametulia mahali pamoja kama tiara.

Kozi ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Ajabu ni kwamba tai mwenye kishungi naye ana umbo hilo hilo, ingawa ni mkubwa mara nyingi zaidi. Sababu ni kwamba wote wawili huwinda ndani ya msitu. Bawa refu lingegonga matawi. Mkia mrefu ni usukani wa kukatia kona baina ya miti. Maisha ya namna moja yamewapa umbo la namna moja. Basi mwanafunzi aliyejifunza umbo tu, na asiyejua umbali, atamchanganya mmoja wa tai wenye nguvu kuliko wote Afrika na ndege asiyemzidi sana kuku mdogo. Anachohitaji ni jambo ambalo picha moja haiwezi kulihifadhi: mwendo. Kozi hupiga mabawa mara chache kwa haraka, kisha huteleza. Tai hupiga polepole na kwa uzito. Na katika majira ya kujitangaza hupanda na kushuka angani kama wimbi, huku akipiga kelele nyembamba zisikikazo mbali. Picha haina sauti. Sauti huandikwa kwenye daftari, tena papo hapo.

Rangi nayo ina nafasi yake, lakini ije mwisho, tena pamoja na swali la umri. Kinda la mwewe mkia-mwekundu lina mkia wa kahawia, si mwekundu. Kinda la tai mwenye kishungi lina kichwa na kifua cheupe, hata mtu aliyemzoea mzazi wake huweza kukana kwamba ni wa ukoo mmoja. Kusema "hana mkia mwekundu, basi si yeye" ni kusahau kwamba hata ndege huzaliwa wakakua.

Mahali na mwezi

Ushahidi mwingine hauko kwenye picha kabisa, nao ni mahali na tarehe. Tuseme tumepata picha nzuri kidogo ya mwewe wa kahawia mwenye mabawa mapana na mkia mfupi, juu ya Shume. Tunao watatu wa kuwafikiria: kinda la mwewe mkia-mwekundu, mwewe mdogo wa misitu ya milimani, Buteo oreophilus, akaaye huko mwaka mzima, na mgeni kutoka Ulaya na Asia, Buteo buteo, ambaye huwa Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Aprili. Ikiwa picha ilipigwa mwezi wa Julai, mgeni huyo kwa kawaida yuko maelfu ya kilomita kutoka hapa, nasi tunabaki na wawili. Ikiwa ilipigwa Desemba, wote watatu wamo. Picha ni ile ile, ndege ni yule yule; kilichobadilika ni tarehe tu, na jibu la haki limebadilika pamoja nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi aletaye picha bila tarehe, saa na mahali ameleta nusu ya ushahidi. Na mwalimu anayeipokea bila kuuliza amekubali nusu hiyo.

Ngazi za jina

Pendekezo langu ni hili. Tuache kuuliza "Ndege gani?" kana kwamba jibu ni moja, ama lipo ama halipo. Tuulize: "Ushahidi huu unatufikisha ngazi gani?" Ngazi ya kwanza ni kundi: huyu ni ndege awindaye, si kunguru wala korongo. Ngazi ya pili ni jamii: huyu ni wa jamii ya mwewe wenye mabawa mapana, au wa jamii ya kozi, au ya kipanga. Ngazi ya tatu ni spishi. Katika kila ngazi mwanafunzi aandike sababu, na aandike pia ni jambo gani, kama lingeonekana, lingembadilisha mawazo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itenganishayo sayansi na ubishi wa barazani.

Katika mpango huo neno "sijui" halimaanishi kushindwa. Mwanafunzi asemaye, "Ni wa jamii ya kozi au ni tai mwenye kishungi, sijui yupi, kwa sababu umbali haukupimwa," anajua mengi kuliko yule aliyebahatisha jina la Kilatini. Yampasa mwalimu ampe alama zaidi huyo wa kwanza. Kama tutaendelea kusahihisha jina peke yake, tutaendelea kuwafundisha vijana wetu kwamba kazi ya akili ni kuotea.

Pingamizi tatu

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba jina la hakika hupatikana kwa kumshika ndege mkononi tu, na kwamba picha ni mchezo. Historia ya Usambara yaweza kuwaunga mkono. Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilijengwa juu ya mifano iliyokusanywa na kuhifadhiwa. Mwaka 1908 Anton Reichenow wa Berlin alimwandika bundi mkubwa wa Usambara kuwa spishi mpya, akampa jina la Julius Vosseler aliyefanya kazi Amani. Reginald Moreau, aliyeishi Amani tangu 1928 hadi 1946, naye alikusanya, akisaidiwa na Waafrika waliokuwa na macho makali, miongoni mwao Salimu Asmani. Elimu yetu ya ndege wa milima hii inadaiwa na watu hao wote.

Lakini tazama yaliyompata bundi yule. Wataalamu wengi leo humhesabu kuwa ni tawi tu la bundi wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, Bubo poensis. Mfano ulikuwa mkononi, na jina bado likabadilika. Hata ndege wa mkononi huhitaji hoja. Na kuna yasiyoweza kujulikana kwa bunduki. Leslie Brown, aliyekuwa bwana shamba nchini Kenya, aliwafuatilia tai kwenye viota vyao kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba tai mwenye kishungi kwa kawaida hulea kinda moja kwa miaka miwili. Jambo hilo lilipatikana kwa kukaa, kutazama na kuandika. Nalo latuambia kwamba jozi moja ya tai hao ikiuawa, pengo lake halizibiki upesi.

Pingamizi ya pili ni ya siku hizi: kwa nini tujisumbue, na ziko programu za kompyuta ziwezazo kuitazama picha na kutaja jina mara moja? Nazitumia, na sizidharau. Lakini programu nayo inazitazama nukta zile zile 24. Haikusikia sauti, haikuona mwendo, na ikiwa hukuiambia mahali na mwezi, haijui kama uko Shume au Uswisi. Tuichukue kama shahidi mmoja wa baraza, aulizwe maswali kama mashahidi wengine, tusimfanye hakimu. Mwanafunzi akileta jina lililotolewa na simu, mwalimu amwulize: "Kwa sababu gani?" Asipokuwa na sababu, hajaleta kitu.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya mkulima: "Ninyi mkingoja ushahidi, kuku wangu wanakwisha." Ni haki yake kusema hivyo. Kuku ni ada ya shule na ni kitoweo cha mgeni. Lakini yapo ya kufanya yasiyohitaji jina lolote: kuvifunika vifaranga kwa tenga katika majuma yao ya kwanza, kuwalaza kuku ndani ya banda lililozibwa vizuri, na kuacha vichaka karibu na nyumba ambamo kuku waweza kujificha. Mambo hayo humkinga kuku dhidi ya kozi, dhidi ya mwewe, na pia dhidi ya nguchiro, ambaye hakuna aliyewahi kumpiga picha angani. Hatua iliyo salama kwa ndege wote yaweza kuchukuliwa leo. Ile isiyorudishika, yaani shoka na sumu, ndiyo ingoje hakika. Na sumu isitumike kamwe, maana haichagui.

Wito kwa shule

Nazisihi shule za sekondari za Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza, na nyingine zote zilizo karibu na misitu, zifungue daftari moja la ndege wawindao. Kila ukurasa uwe na tarehe na saa. Mahali na mwinuko. Upande jua lilikokuwa. Umbali, uliopimwa au uliokisiwa, na ielezwe ni upi. Picha tatu au zaidi, kwa kuwa bawa hubadili umbo katika kila pigo. Mchoro wa mkono. Maelezo ya mwendo na sauti. Na mwisho ngazi ya jina pamoja na sababu zake. Wazee waulizwe majina ya Kisambaa, nayo yaandikwe pamoja na maelezo yao ya ndege mwenyewe, kwa sababu jina bila maelezo hupotea pamoja na msemaji. Daftari likijaa, nakala ipelekwe kwa wakusanyaji wa kumbukumbu za ndege wa Tanzania, kazi ambayo imekuwa ikiendelea tangu miaka ya 1980. Ukurasa uliokomea ngazi ya pili kwa uaminifu utawafaa kuliko kumi zilizofika ya tatu kwa kubahatisha.

Ule unyoya mwekundu ninao mpaka leo. Kila mwaka nilipoanza somo la uainishaji niliuweka mezani kwanza, kabla ya kitabu, nikawasimulia wanafunzi wangu habari zake zote, pamoja na dakika ile moja na neno lile moja. Kisha niliwapa picha, na kuwakataza kutaja jina lolote mpaka kila mmoja awe ameandika sababu tatu. Wengi walilalamika kwamba somo lilikwenda polepole. Mwaka mmoja msichana wa mwisho darasani aliandika sababu nne, akakoma ngazi ya pili, akaongeza: "Naomba nirudi tena kesho asubuhi, jua likiwa nyuma yangu." Huyo alikwisha kuwa mwanasayansi, na ndege alikuwa bado hajapewa jina.